Miduara minane kando ya mfereji, Stoke-on-Trent: tanuri, matangi ya gesi au nini?

Nyamizi_GIS

Habari zenu wakuu. Naomba macho yenu. Nina kazi ya mezani ya kuandaa historia ya matumizi ya kiwanja kilicho kando ya mfereji wa Trent and Mersey, kaskazini mwa Stoke-on-Trent, Uingereza, kabla mtambo wa kuchoronga haujapelekwa. Mkononi nina karatasi mbili za Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza) za inchi 25 kwa maili, yaani 1:2500: moja imepimwa miaka ya 1870, nyingine ni marudio ya miaka ya 1890. Nina pia picha za wima za RAF, jeshi la anga la Uingereza, za mwaka 1947.

Karatasi ya kwanza ina miduara minane. Mitano iko ndani ya majengo yaliyozunguka ua, kila mmoja kama milimita 3 kwenye ramani. Miwili ni midogo, milimita 1.4, imekaa ukingoni kabisa mwa mfereji na ina mistari midogo ya mteremko upande mmoja. Wa nane ni mkubwa, milimita 6, uko peke yake kwenye pembe ya kiwanja, una vitone kuuzunguka. Halafu kuna mstatili mwembamba wa milimita 12 kwa 2, ncha moja inagusa mfereji. Kwenye marudio ya miaka ya 1890 haupo. Herufi "M.P." zimeandikwa mara tatu zikiwa karibu karibu upande wa kiwanja, na mara moja ng'ambo. Mwisho, upande wa kiwanja ukingo umeingia ndani kama pembetatu.

Maandishi yaliyopo ni "Pottery (Earthenware)" na neno "Kilns" lililowekwa katikati, bila kusema ni kwa miduara ipi. Nianzie wapi?

---

Mzee_wa_Skeli

Dada Nyamizi, umefanya la maana kutoa vipimo. Wengi huleta picha ya skrini na kuuliza "hii ni nini", na kwa picha ya skrini hakuna anayeweza kujibu.

Geuza kwanza kila kitu kuwa mita. Kwa 1:2500, milimita 1 ni mita 2.5. Mitano yako ina kipenyo cha mita 7.5, midogo ni mita 3.5, mkubwa ni mita 15, na mstatili ni mita 30 kwa 5. Pima kwenye skani halisi, si kwenye nakala uliyochapisha ofisini, maana printa nyingi hupunguza ukurasa ili uingie kwenye karatasi bila kukuambia. Kumbuka pia kwamba mstari wenyewe una unene wa kama milimita 0.2, ambao ni nusu mita ardhini. Kwa hiyo mduara wa mita 3.5 unaweza kuwa 3 au 4, usiupigie hesabu ya desimali mbili.

Sasa miduara. Kando ya mifereji ya Uingereza vitu vya duara ni vingi, na ukubwa pekee unakata nusu ya ubishi. Tanuri za koka zile za mzinga huwa na mita 3 hadi 3.5 na hupangwa safu ndefu, mara nyingi mbili zikipeana mgongo. Tanuri ya chokaa, mdomo wake wa juu ni mita 3 hadi 4 na lazima iwe na mteremko au ukuta wa kushikilia udongo upande mmoja, kwa sababu jiwe huingizwa juu na chokaa hutolewa chini. Tanuri ya vyombo vya udongo, ile yenye umbo la chupa, gamba lake la nje huwa kati ya mita 6 na 10. Tanuri za matofali za duara zinaangukia humohumo, ila zenyewe zinasimama wazi uwanjani, zimeachana, na lazima kuwe na shimo la udongo karibu. Koni ya kiwanda cha kioo, yaani jengo la koni lenye tanuri ya kuyeyushia kioo, ni kubwa zaidi: ile ya Red House huko Wordsley, kando ya mfereji wa Stourbridge, ina kipenyo cha mita 18 hivi chini na kimo cha mita 30. Tangi la gesi mara nyingi linaanzia mita 10 na halina kikomo cha karibu.

Kwa hiyo mitano ya mita 7.5 iliyobanwa ndani ya majengo ya kiwanda kilichoandikwa "Pottery" ni tanuri za chupa, na sioni haja ya kuhangaika nayo. Angalizo moja tu: si kila tanuri inachorwa. Zile ambazo chupa yake inatokeza juu ya paa la karakana, mpimaji aliyekuwa akifuata kuta za nje aliweza kuziacha. Mitano ni idadi ya chini. Miji kadhaa ya Potteries, yaani eneo la viwanda vya vyombo la Stoke, ilipimwa pia kwa 1:500 katika miaka ya 1870, na hapo milimita 1 ni nusu mita. Itafute hiyo kabla ya kuandika idadi kwenye ripoti.

Kilicho kigumu ni ile miwili midogo. Mkono utataka kuandika "tanuri za chokaa", kwa sababu umbo na mteremko vinafanana kabisa. Lakini hiki ni kiwanda cha vyombo, na viwanda vya vyombo vilihitaji mawe ya flinti, mawe magumu yaliyosagwa na kuchanganywa na udongo wa vyombo. Flinti haisagiki mbichi. Ilichomwa kwanza kwenye tanuri iliyojengwa sawasawa na ya chokaa, safu ya makaa na safu ya mawe, ikatolewa chini ikiwa nyeupe na inavunjika, ndipo ikasagwa ndani ya maji. Kwenye karatasi huwezi kuzitenganisha kwa umbo. Zitenganishe kwa kufuata mzigo. Jiwe limetoka wapi? Limeshushwa wapi? Kilichochomwa kimekwenda wapi? Kama ni chokaa utaona njia ya mikokoteni kutoka chini ya tanuri hadi barabarani au gatini, kwa sababu bidhaa inauzwa nje. Kama ni flinti utaona jengo la kinu hatua chache kutoka hapo, lenye dohani na pengine bwawa dogo, kwa sababu kitu kinachofuata ni kusaga. Kazoeshe jicho kwa mifano iliyopo hadi leo: kinu cha flinti na mifupa cha Etruria kilichojengwa 1857, pale mfereji wa Caldon unapokutana na Trent and Mersey, na tanuri za chokaa za Froghall mwishoni mwa Caldon. Zifungue zote mbili kwenye karatasi za skeli ileile, uone mpimaji alizichoraje.

Mduara wa mita 15 wenye vitone ni tangi la gesi. Vitone ni nguzo za kuongozea kengele ya tangi, yaani chombo cha chuma kinachoshika gesi, inapopanda na kushuka. Viwanda vikubwa vilitengeneza gesi yao ya taa, kwa hiyo kuukuta ndani ya uzio wa kiwanda si ajabu. Tafuta karibu yake jengo dogo lenye dohani, ndimo makaa yalimookwa.

"M.P." ni mtego wa zamani. Ordnance Survey walitumia herufi hizohizo kwa nguzo ya maili na kwa nguzo ya kufungia mashua. Zilizokusanyika tatu kando ya gati ni za kufungia. Ile ya ng'ambo, kama iko upande wa njia ya farasi waliovuta mashua, ni nguzo ya maili. Kwenye mfereji huu nguzo hizo ni za chuma cha kusubu, zimeandikwa "R & D Stone 1819", na kila moja inataja umbali hadi Shardlow na umbali hadi Preston Brook, karibu na ncha mbili za mfereji. Jumla ya namba mbili ni 92 kila mara. Hii inakupa njia ya kuhakiki: pima maili moja kwenye mfereji kutoka hapo, kila upande, uone kama kuna "M.P." nyingine.

Pembetatu ni mahali pa kugeuzia mashua, au ni gati lililokatwa mshazari. Mashua nyembamba za huko zina urefu wa futi 72, karibu mita 22. Pima kutoka ukingo wa njia ya farasi hadi kwenye kilele cha pembetatu, ukivuka maji. Ikipungua mita 22, mashua kamili haigeuki hapo, tafuta maelezo mengine.

Mstatili naacha kwa wengine, maana una majibu matatu na sitaki kubahatisha bila kuona rangi ya karatasi.

---

Kivuli

Naongezea upande wa picha.

Picha za RAF za 1946 hadi 1948 zina ukanda wa maandishi pembeni: namba ya safari, tarehe, namba ya picha, urefu wa fokasi (umbali wa lenzi hadi filamu) na kimo cha ndege. Skeli ni fokasi kugawa kwa kimo, vikiwa kwenye kipimo kimoja. Fokasi ya inchi 20 kutoka futi 16,600 inatoa karibu 1:10,000. Hapo milimita 1 ni mita 10, na tanuri ya mita 7.5 ni doa la robo tatu ya milimita. Ndiyo maana skani ya kuangalia tu haitoshi. Agiza ya dpi 1200 angalau, ambako kila pikseli itakuwa kama sentimita 21 ardhini. Wanaofanya kazi nyumbani na picha za Directorate of Overseas Surveys (idara ya Uingereza ya upimaji wa ng'ambo) za Tanganyika na Kenya wataiona hesabu ni ileile.

Usiuamini ukanda peke yake. Kimo hicho ni cha kipimahewa cha ndege, si cha juu ya ardhi ya kiwanja chako. Chagua madaraja mawili ya mfereji yaliyopo hadi leo, pima umbali wao kwenye picha na kwenye ramani ya sasa, upate skeli ya kweli ya eneo lako. Na ukiona herufi RS au RP mbele ya namba za picha, ujue ni kamera mbili zilizoinamishwa kidogo, moja kulia moja kushoto. Skeli inabadilika kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine, kwa hiyo madaraja hayo yawe karibu na kiwanja.

Vivuli ndivyo vitakavyokuambia mengi. Geuza picha hadi vivuli viwe vinaanguka kuelekea kwako, kusini juu na kaskazini chini, hata kama ramani itakaa kichwa chini. Ukiiacha kaskazini juu, macho ya wengi huona mashimo kuwa vilima na mfereji kuwa tuta. Kisha tazama umbo la kivuli, achana na paa. Kutoka juu tanuri ya chupa na tangi dogo vyote ni doa la duara. Kivuli cha tanuri kina mabega mapana yanayoingia shingoni. Cha dohani ni fimbo. Cha tangi la gesi lililojaa ni mstatili mfupi mpana. Tangi tupu lina kivuli ndani yake, si nje.

Kimo: urefu wa kivuli mara tanjenti ya kimo cha jua. Latitudo 53, adhuhuri ya Machi 21 au karibu yake, jua liko nyuzi 37, kwa hiyo dohani ya mita 30 inatupa kivuli cha karibu mita 40, milimita 4 kwenye picha. Desemba jua halifiki nyuzi 14 na vivuli vinameza ua wote. Kabla hujaingiza saa kwenye jedwali la jua, kumbuka kwamba mwaka 1947 saa za Uingereza zilisogezwa saa 2 mbele ya GMT kuanzia Aprili hadi Agosti. Ukikosea hapo kimo chote kinaharibika. Mimi napendelea njia fupi: tafuta jengo lililobaki ambalo kimo chake kinajulikana, pima kivuli chake kwenye picha ileile, upige uwiano. Inatosha kwa ripoti, mradi ardhi inayopokea vivuli vyote viwili iwe tambarare.

Weka alama kwenye kitako cha dohani, usiweke kileleni. Kitu kirefu hulala kuelekea nje ya kitovu cha picha. Dohani ya mita 45 iliyo milimita 80 kutoka kitovu, ndege ikiwa mita 5,060, kilele chake kinasogea milimita 0.7, ambayo ni mita 7 ardhini. Watu wamechoronga mashimo mahali pasipo na kitu kwa ajili ya mita 7 hizo.

Moshi pia usikudanganye. Tanuri inayotoa moshi ilikuwa kazini, sawa. Isiyotoa moshi haimaanishi imekufa: kuchoma kulichukua siku 2 hadi 3, kisha siku nyingine za kupoa, kupakua na kupanga upya, kwa hiyo siku yoyote ile tanuri nyingi zilikuwa hazina moshi. Mioto ya makaa iliisha baada ya sheria ya hewa safi ya 1956, ndipo tanuri zikaanza kubomolewa kwa mamia.

Tafuta pia picha za mshazari za Aerofilms, kampuni iliyoanza 1919. Nyingi zilipigwa kwa agizo la wenye viwanda wenyewe, kwa hiyo kiwanda ndicho kiko katikati na unaona kuta, madirisha, hata makreni. Hazifai kupimia urefu, ila kwa kutambua kitu zinazidi za wima kwa mbali. Zile mozaiki za picha za Ordnance Survey zilizotolewa baada ya vita ziangalie kwa tahadhari: maeneo nyeti yalifichwa kwa kuchorwa mashamba bandia. Picha halisi za RAF za eneo hilohilo ndizo za kuaminika.

---

Nyamizi_GIS

Asanteni sana. Nimepima pembetatu: mita 24 kutoka njia ya farasi hadi kilele, kwa hiyo ni ya kugeuzia. Kinu chenye dohani kipo mita 15 kutoka kwenye ile miduara midogo, naegemea flinti.

Kwenye picha ya 1947, pale ulipokuwa mstatili kuna ukanda mweusi wa upana uleule. Lakini ramani ya miaka ya 1890 haiuonyeshi. Je, yaweza kuwa maji yaliyorudishwa, au ni kivuli? Na tangi la gesi halipo, pana doa jeupe tu.

---

Tope_na_Lami

Maji au kivuli: chukua picha mbili zinazofuatana za safari ileile. Zinapishana kwa kama asilimia 60, kwa hiyo kiwanja kitakuwa kwenye zote. Kivuli kitabaki na weusi uleule kwenye zote mbili. Maji yanabadilika, kwenye moja meusi, kwenye nyingine ya kijivu au yanang'aa, kwa sababu pembe kati ya jua, maji na kamera imebadilika. Na kivuli lazima kiwe na mwenyewe: kama hakuna jengo upande wa jua, hicho si kivuli.

Kuna uwezekano wa tatu, na kwa maelezo yako ndio ninaoupa uzito: mfereji mdogo uliofukiwa. Udongo wa kujazia hushika unyevu kuliko ardhi ya kando iliyoshindiliwa, magugu yanaota meusi zaidi, na alama inaonekana miaka 50 baadaye. Ukiwa na stereoskopu, kifaa cha kutazamia picha mbili zionekane kwa kina, au ukipanga picha mbili kwenye skrini na kuzitazama kwa jozi, utaona kama ukanda umezama kidogo.

Kuhusu mstatili wenyewe, yale majibu matatu aliyoyakwepa Mzee ni haya. Mkono wa mfereji kwa ajili ya kushushia mzigo: mita 5 inatosha mashua mbili za futi 7 bega kwa bega, na mita 30 inachukua moja kwa urefu na nafasi. Gati kavu la kutengenezea mashua: mara nyingi upana ni wa mashua moja au mbili, urefu unazidi mita 22, na mdomoni kuna mstari wa lango au mbao za kuzuia maji. La tatu si maji kabisa: ni jengo refu la kukaushia uji wa flinti au udongo, lenye sakafu iliyopitishiwa moshi chini, moto ncha moja na dohani ncha nyingine. Kwenye karatasi zilizopakwa rangi kwa mkono, maji ni bluu, jengo la matofali ni wekundu wa karmini, la mbao au chuma ni kijivu. Kwenye nakala nyeusi na nyeupe angalia kama mstari wa ukingo wa mfereji umekatika pale mstatili unapogusa. Ukikatika, maji yaliingia. Ukipita bila kukatika, ni jengo.

Ikithibitika ni mkono wa mfereji, nenda kwenye njia ya farasi, au tazama picha za barabarani. Mikono iliyokuwa upande wa njia ilihitaji kidaraja cha kuvusha farasi. Watu hufukia mkono na kukiacha kidaraja, kikabaki kimeinuka juu ya kitu kisichokuwepo. Mfereji wa Birmingham umejaa hivyo. Kwako kiwanja kiko upande wa pili, kwa hiyo tafuta ukutani mwa mfereji kipande cha matofali ya rangi tofauti, au mifuo miwili ya wima ya kutelezeshea mbao za kuzuia maji.

Doa jeupe la tangi ni la kuangaliwa sana. Sehemu kubwa ya tangi la zamani ilikuwa chini ya ardhi: kisima cha matofali chenye maji, kengele ya chuma ikielea ndani. Lilipotolewa kengele iliuzwa kama chuma chakavu, kisima kikajazwa chochote kilichokuwepo, pamoja na lami na maji ya amonia yaliyobaki chini. Takataka za kusafishia gesi zina sianidi, na hizo huzagaa nje ya mduara, kando ya kile kijengo cha kuokea makaa. Kwa hiyo usiweke shimo moja katikati ya duara ukaridhika. Weka moja ndani, moja kwenye mstari wa ukuta, na mawili kando ya kijengo.

Kwenye tanuri za chupa wasiwasi ni risasi iliyotumika kwenye rangi ya kung'arisha vyombo. Yenyewe haipo chini ya tanuri sana, ipo kwenye chumba cha kuchovyea na kwenye lundo la vigae. Lundo hilo kwenye ramani ni mistari ya mteremko isiyo na mpango, kwenye picha ni weupe uliotawanyika. Na mkono uliofukiwa ndani ya kiwanda cha vyombo, ni nadra ujazwe kitu kingine zaidi ya vigae na majivu.

Hilo jibu la flinti nakubaliana nalo, ila usiandike "tanuri za flinti" kama jambo lililokwisha. Andika "tanuri za kuchomea, pengine za flinti, kwa kuwa kinu kiko mita 15". Mteja akija na hati ya kiwanda inayosema vingine, ripoti yako haitaanguka.

---

Bi_Mkanda

Naona hakuna aliyegusa kuifunga ramani kwenye koordineti, na hapo ndipo kazi nyingi huharibikia.

Karatasi za zamani za kaunti hazikutumia gridi ya taifa. Kila kaunti, au kundi la kaunti, lilikuwa na meridiani yake, kwa hiyo karatasi za kaunti jirani hazikai sawa zikiunganishwa, na mara nyingi mchoro uliishia kwenye mpaka wa kaunti, ng'ambo ikaachwa nyeupe. Uko Staffordshire, umesalimika. Anayefanya kazi Dudley, iliyokuwa kisiwa cha Worcestershire ndani ya Staffordshire, ajiandae.

Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka karatasi hizi bure mtandaoni, za Uingereza nzima, zikiwa tayari zimefungwa, na unaweza kuweka ramani na picha ya setilaiti bega kwa bega. Kwa kutazama ni safi sana. Kwa kupanga mashimo ya kuchoronga, ifunge upya mwenyewe kipande unachohitaji. Chukua nukta sita hadi kumi ndani ya mita 300 za kiwanja: pembe za majengo yaliyobaki, ncha za kuta za madaraja, mawe ya ukingo wa loki (chumba cha milango cha kupandishia na kushushia mashua). Usitumie katikati ya barabara wala ukingo wa mfereji usio na ukuta, maana hiyo imesogea. Nguzo ya maili pia iache, kwa kuwa baadhi ya zilizopo leo ni nakala zilizosimikwa baadaye. Anza na mgeuzo wa Helmert, unaosogeza, kuzungusha na kubadili ukubwa wa ramani bila kuipinda, kwenye programu ya ramani ya QGIS, uone mabaki ya kosa kwa kila nukta. Yakiwa chini ya mita 2, simama hapo. Nukta moja ikiwa na mita 6 na nyingine zote ni 1, hiyo nukta ni jengo lililojengwa upya mahali palepale, ifute. Usikimbilie mgeuzo wa splaini, kwa sababu unalazimisha kila nukta ikae sawa hata ile mbovu, mabaki yanasomeka sifuri na ramani imepinda katikati.

Tarehe: soma pambizo, chukua mwaka wa kupimwa, si wa kuchapishwa. Kwenye marudio angalia mwaka wa kurudiwa. Pima uaminifu wake kwa kitu kinachojulikana: kiwanda cha Middleport kilijengwa 1888 hadi 1889, kwa hiyo karatasi yoyote ya jirani inayokionyesha haiwezi kuwa ya upimaji wa miaka ya 1870, hata lebo ya faili iseme nini.

Vimo navyo vichunge. Alama za kimo za karatasi ya kwanza zinahesabiwa kutoka usawa wa bahari wa Liverpool, za baadaye kutoka Newlyn. Zaidi ya hapo, ardhi ya Stoke imezama kwa sababu ya machimbo ya makaa ya mawe, na mfereji ukainuliwa kingo ili maji yasimwagike. Tofauti ya kimo kati ya matoleo mawili haimaanishi kwamba mtu amejaza udongo.

Kwa ule ukanda, pakua data ya lida (vimo vya ardhi vilivyopimwa kwa leza kutoka angani) ya Environment Agency, wakala wa mazingira wa huko, ipo bure, pikseli ya mita 1. Tumia modeli ya ardhi tupu, weka kivuli bandia kutoka pande nne, si upande mmoja, kwa sababu mkono unaolala sambamba na mwanga hauonekani. Shimo lililojazwa likashuka huonekana kama bonde la sentimita 10 hadi 50. Lakini kama leo kuna ghala juu yake, usiangalie kabisa: programu imeliondoa jengo na kujaza pengo kwa kukisia, na pembetatu laini utakazoziona hapo ni za kompyuta. Katika hali hiyo shimo refu la handaki la kukata mshazari, kutoka upande mmoja wa ukanda hadi mwingine, ndilo litakaloonyesha kuta za mkono. La kufuata urefu wake linaweza kupita katikati ya vifusi mita 30 bila kugusa ukuta hata mmoja.